Marehemu Anashukuru

Katika filamu yake ya kwanza, mkongwe wa jukwaani alikata roho vizuri mno hata walioigiza wanawe wakalia machozi ya kweli. Kamera ikamsogelea usoni.

Kukawa kimya. Miaka yote jukwaani, kimya kama hicho kilimaanisha onyesho limekwisha. Akafunua shuka, akasimama kitandani peku, akainama kushoto, akainama kulia.

"Mama, umekufa!" mwongozaji akapiga kelele.

"Najua, mwanangu. Ndiyo nawashukuru watazamaji."

Studio nzima ikaangua kicheko. Mwongozaji akajifuta macho. "Tunarudia. Safari hii ukifa, baki huko huko."

Akajilaza, akavuta shuka hadi kidevuni, kisha akafungua jicho moja.

"Na makofi je?"

Fundi wa taa alikuwa ameshaanza kupiga.