Jiko Lisilonuka

"Gesi inavuma," mumewe alirudia. "Chumba cha wageni kimepakana na jikoni kwao. Mkwe atasikia."

"Na spiriti ni ya kusafishia vidonda," mama akamjibu. "Mimi sipikii vidonda."

Walikuwa mbele ya kaunta ya duka la vifaa vya safari, kila mmoja na jiko lake mkononi kama watu wanaouziana kuku. La mama lilikuwa la gesi, miguu ya kukunja, kikopo cha kusokotea chini. La mumewe lilikuwa la spiriti, kikombe cha bati kinachoenea kiganjani, na kifuniko chake.

Muuzaji, mwanamke mpole, aliuliza kama wanakwenda kupiga kambi mlimani au porini.

"Kwa mwanangu," mama akasema.

Hakuona haya kueleza. Mwanawe wa pekee alikuwa ameoa mke mwenye kila sifa isipokuwa moja: kupika hajui. Wali wake ni uji uliopotea njia. Sasa wamealikwa wiki nzima, na mama hakuwa tayari kushinda na njaa ugenini. Atajipikia chumbani, dirisha wazi, kimya kimya. Mumewe alikuwa amejitolea kukaa mezani na kula kwa niaba ya wote wawili, ili mkwe asishuku. Mama aliona huo ni uungwana.

Ila mkwe akigundua, yamekwisha. Mwana atanuna, na mjukuu aliye njiani watakuwa wakimwona kwenye picha za simu tu.

Muuzaji aliteremsha jiko la mafuta ya taa kutoka rafuni, akalirudisha. Lilinuka hata kabla ya kuwashwa.

"Harufu ya chakula si neno," mumewe akaendelea. "Nyumba ina jiko, kila mtu atadhani inatoka huko. Kinachomuumbua mtu ni mafuta. Spiriti hainuki, na unainunua huko huko, duka lolote la dawa. Vifuniko viwili vya chupa vinaivisha wali wa watu wawili."

Mama alimtazama. Huyu ni mtu ambaye tangu wafunge ndoa hajachemsha hata yai. Jikoni alizoea kuingia kuuliza kama chakula ki tayari, na siku hizi hata hilo haulizi.

"Habari za vifuniko umezijulia wapi?"

"Mambo hujulikana tu, mama watoto."

Muuzaji alimimina spiriti kidogo kwenye kikombe, akawasha. Mwali wa buluu ukasimama bila sauti. Mama akainama, akanusa kwa makini kama anayekagua maziwa. Hakuna kitu. Lakini hapa ni dukani, alisema, mlango uko wazi na hewa inapita. Alitaka kuhakikishiwa kwamba mtu aliye chumba cha pili hatasikia lolote.

Muuzaji alikiri kwamba hilo hawezi kuliapia. Anayauza tu, hajawahi kulala nayo chumbani.

"Hasikii," alisema mumewe.

"Nani kakwambia?"

Mumewe alijikuna shingo, macho kwenye mwali. "Wewe ulikuwa chumba cha pili. Likizo ile walipokuja kwetu, mkwe alijipikia chumbani mwao siku zote walizokaa, kwa jiko kama hili. Nilikuwa nikigonga mlango mara mbili, ananipakulia."

Muuzaji alikumbuka kwamba kuna tochi zinazohitaji kupangwa upya.

Mama aliuzima moto kwa kifuniko. Akafungua pochi, akalipa, akasubiri kikombe kipoe, kisha akamtia mumewe jiko mikononi.

"Hili la kwako, litabaki nyumbani uwe unajipikia," alisema, na kumgeukia muuzaji. "Haya, dada, sasa nipe jingine la safari."