Nyati Alipomtoa Twiga

Sufuria inaungua jikoni, nyie mnataka hadithi! Haya, kaeni.

Nyati alimiliki timu ya mpira wa kikapu, na mfungaji wake alikuwa Twiga. Mashabiki walikuwa ndege shashi. Walitazama mechi wakiwa mgongoni mwa Nyati, huku wakimdonoa kupe.

Siku moja Nyati akamtoa Twiga kwa jirani mwenye timu nyingine, na Nyati akapewa shamba la majani marefu.

"Mzee, umetuulia timu!" akalia shashi mkongwe, sauti imemkauka kwa miaka ya kushangilia.

"Timu yangu. Kazi yenu kelele, si kuamua."

"Sawa. Basi jishangilie mwenyewe."

Shashi wote wakaruka, wakatua shingoni mwa Twiga.

Nyati akabaki akila majani yake. Kupe wa shambani humo wakamjaa mpaka masikioni, asiwepo wa kuwadonoa. Alilipa kwa damu yake mwenyewe, mpaka akashindwa kusimama.