Mguu wa Aila

"Nikishamaliza na breki za gari langu, hata mtoto atalisimamisha kwa kidole gumba cha mguu!" Brent alitamba mezani Jumapili, mdomo umejaa mkate wa iliki.

Baba mkwe wake, Waino, aliendelea kunywa kahawa. Waino akisema maneno kumi kwa wiki, ujue kuna harusi. Siku hiyo alijitahidi.

"Jumamosi, saa sita mchana, nitalijaribu mlimani. Likisimama, funguo ni zako. Lisiposimama, nampa mpwa wangu."

Funguo zenyewe ni za malori mawili ya kusukuma theluji, pamoja na wateja wa nusu ya mji wa Hancock. Mzee alikuwa anastaafu. Brent, tangu kiwanda kifungwe, hakuwa na kazi ila kuwashauri majirani bure, na theluji ya kwanza ilikuwa inanukia.

Jumamosi asubuhi pikapu ilikuwa juu ya stendi gerejini, magurudumu yamevuliwa, Brent yuko chini na mkewe Aila yuko kwenye kiti cha dereva. Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili. Wa juu anakanyaga pedali na kuishikilia. Wa chini anafungua nati ndogo, mafuta machafu na mapovu yanatoka, anafunga, ndipo wa juu anaachia. Akiachia mapema, upepo unarudi ndani, mnaanza upya.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Achia!"

"Nimeachia!"

Magurudumu ya nyuma hayakuwa na neno. Balaa lilikuwa mbele, ambako jana yake Brent alifunga vibanio vipya vya diski, kulia na kushoto, huku anapiga mluzi. Chupa nzima ya mafuta ya breki iliisha na pedali bado inazama kama mto wa kulalia.

"Aila, unaachia mapema."

"Siachii."

"Unaachia, mama. Mguu wako ni wa bata. Tena namwonea bata."

"Brent, niite bata tena."

"Kwek."

Huko juu Aila akawasha redio, nyimbo zake za mapenzi.

"Haya, mimi na wewe tumemaliza kuongea," Aila alisema. "Honi moja, nimekanyaga. Honi mbili, nimeachia. Zaidi ya hapo usinitafute." Akapandisha kioo.

Brent alicheka peke yake, akajisogeza na chupa ya pili upande wa abiria. Hita ya gesi ukutani ilinguruma kama ndege inayotaka kuruka. Mara pikapu ikayumba kidogo juu ya stendi.

"Acha kutikisa gari, utaniua!"

Redio nayo ikabadilika. Nyimbo za mapenzi za Aila zilikatika katikati, ikaja polka ya kinanda cha mkono, muziki wa wazee. Brent akatikisa kichwa. Mwanamke akiamua kukukomoa, hata redio ataitumia.

"Kanyaga!"

Piii. Honi ilikuwa ndefu, yenye kisirani. Brent alipofungua nati, mafuta yaliruka yakampata kidevuni.

"Si unaona? Kumbe ukitaka unaweza! Ungekanyaga hivi tangu asubuhi, saa hizi tungekuwa tunakula. Achia!"

Pii, pii.

Walirudia mpaka chupa ikafika nusu.

"Imekaza sasa? Kama imekaza, piga honi."

Honi haikulia.

"Umeachia tena! Aila, hivi mguu huu ulirithi kwa nani? Kwa baba yako?"

Alijifuta kidevu, akainua taa aone mafuta yamemwagikia wapi. Ndipo akaiona nati. Ilikuwa imeangalia sakafu.

Akabiringika upande wa pili. Na ile nayo imeangalia sakafu.

Nati ya kutolea upepo hukaa juu ya kibanio, kwa sababu upepo hupanda, kama povu la soda. Ikikaa chini, utatoa mafuta mpaka Krismasi na upepo utabaki palepale juu unakucheka. Brent alikuwa amefunga cha kulia kushoto, na cha kushoto kulia.

Alikumbuka bata. Alikumbuka ile kwek, jinsi alivyoisema kwa raha. Ilitosha atoke, agonge kioo, aseme: samahani, kosa ni langu. Alifika mpaka kwenye kusogeza mgongo. Halafu akakumbuka saa sita, na zile funguo.

Hita ikajizima yenyewe, gereji ikatulia. Brent alijivuta mpaka chini ya mlango wa dereva, akaongea akiwa bado amelala.

"Aila, mpenzi. Vibanio nimevifunga kinyume. Mguu wako hauna kosa, ni mguu mzuri sana. Nipe nusu saa tu nivibadilishe. Ila Mzee akitukuta hatujamaliza, mwambie ni wewe uliyekuwa unaachia mapema. Wewe binti yake, atacheka yaishe. Mimi atanimaliza. Na tuseme kweli, yule mzee breki anazijua kwa kusimuliwa. Chochote utakachomwambia atameza."

Polka ikazimwa.

"Nakuomba, mke wangu. Ukikubali, piga honi moja."

Honi haikulia. Badala yake mlango wa jikoni ulifunguka, na Brent, pale chini alipolala, akaona ndara za Aila zikishuka ngazi moja moja, taratibu, kama za mtu aliyebeba vikombe viwili.

"Baba, shusha kioo, kahawa yako hii," Aila alisema. "Na asante kwa kunipokea zamu ya pedali."

Juu ya kichwa cha Brent, honi ikalia mara moja.