Nishani ya Askari Kajiru

Siku hizo sheria ilikataza kupiga mnada sarafu au nishani yoyote ya kale kabla haijasikilizwa. Madini yalihifadhi sauti za siku yalipokabidhiwa, na mashine ya ukumbi wa mnada iliweza kuzitoa.

Nakiete hakuwa na wasiwasi. Nishani ya Kijerumani aliyoileta mnadani alipewa Kajiru, baba wa babu yake, kwa kuwavusha watu mto uliofurika. Ndivyo alivyosimuliwa tangu utotoni. Zilipokwisha kusikilizwa sarafu za Austria zilizotangulia mnadani, dalali akaiweka nishani kwenye mashine.

Ikasikika sauti ya ofisa wa Kijerumani, kwa Kiswahili cha amri: "Askari Kajiru, umechoma maghala yote ya Lipembe. Serikali inakushukuru."

Sauti ya kijana, Kajiru mwenyewe, ikacheka. "Hata mbegu sikuwaachia, bwana."

Lipembe ndiko walikotoka wazee wa Komba, mume wa Nakiete, wale wachache waliosazwa na njaa iliyofuata kuchomwa kwa maghala hayo. Naye Komba alikuwa ameketi ubavuni pake. Nakiete hakuthubutu kumtazama.

"Nani anaitaka?" dalali akauliza.

Ukanyooka mkono mmoja tu, wa Komba.

"Baba Tekla, unafanya nini?" Nakiete akanong'ona.

Komba akalipa, akaipokea nishani, akaifunga katika leso yake kwa upole uleule wa miaka yote.

"Mashine ndogo za nyumbani zinapatikana," akasema. "Leo tukishakula, mwite Tekla na wadogo zake waje wasikie. Hao ni wa pande zote mbili."