Misumari Miwili ya Mpini

Baba mdogo alimpora binti kisu mkononi, kikiwa bado kinachuruzika maji ya jiwe la kunolea.

"Kumbe bado kina uhai!" akasema, akikigeuzageuza kwenye mwanga wa mlango wa bucha.

Mwaka jana, baba wa binti alipozikwa, ni huyuhuyu aliyejitwalia bucha, mizani na funguo za nyumba. Kisu cha marehemu, kilicholiwa na kutu mpaka mpini ukaoza, alimtupia binti miguuni. "Urithi wako huo, mwanangu. Usije ukasema nina roho mbaya." Wateja wakacheka. Binti akakiokota, akameza machungu, akaendelea kupiga deki.

Miezi miwili alikisugua kutu, akakinoa mpaka kikawa kinanyoa malaika ya mkono. Asubuhi hii alikuwa amekivisha mpini mpya, kupima tu kama unakaa.

"Hiki ni cha ukoo," baba mdogo akasema. "Kitabaki kwangu."

Akalivuta paja la ng'ombe, akakidunga kwenye kiungo. Kikagoma.

Mpini ukacheza kidogo. Binti aliuona. Baba mdogo alikuwa akiwakonyeza wateja.

Mfukoni mwa aproni, vidole vya binti vikagusa misumari miwili ya mpini, ambayo alikuwa bado hajaipigilia.

"Sukuma kwa nguvu, baba mdogo," akasema kwa upole, akiifumbata. "Hicho kinataka mkono wa mwanamume."