Maganda Mazima

Ganda la kwanza Mama Ndindi alilishika kwa koleo la jiko, akageuza uso ukutani na kungoja lilipuke. Halikulipuka. Lilikuwa tupu, kama kichwa chake siku hiyo, ingawa hilo la kichwa alikuja kulijua baadaye.

Alikuwa amelitoa kwenye mkebe wa mafuta ya Kimbo chini ya kitanda cha Maingi, mpangaji wake hapo Dandora. Mkebe ulijaa maganda ya risasi za bastola. Na Maingi hakuwa mpangaji tu. Jumamosi wazee wake wangekuja na mbuzi wa kumchumbia Ndindi, binti yake wa pekee.

Ilikuwa miezi michache tu baada ya jaribio la mapinduzi. Gurudumu likipasuka barabarani, mtaa mzima ulilala kifudifudi.

“Haya ni ya kupigia madoa ya chui, Mama,” Maingi alisema alipoulizwa, bila kupepesa macho. Alikuwa mchonga vinyago. “Naweka mdomo wa ganda kwenye mti, nagonga nyundo, doa linatoka mviringo. Ndugu yangu hufyeka nyasi kwenye uwanja wa kulenga shabaha. Ndiye huniokotea.”

Madoa ya chui! Mama Ndindi alitabasamu, akamwongezea chai, na moyoni akamfunga kifungo cha maisha.

Kisha akakimbilia kwa jirani, Mzee Mutisya, askari mstaafu na mshika sahani ya sadaka kanisani. Huyu alisema polepole hivi kwamba ulikuwa umeshamwamini kabla hajamaliza.

“Kituoni usiende, Mama Ndindi. Mjane, na maganda ya risasi mkononi, siku hizi? Watakulaza ndani wewe. Kwanza jifunze kuyakagua.”

Akamfundisha. Kishimo katikati ya kitako ndipo bastola ilipogonga. Mdomoni, pitisha ukucha polepole. Ukinasa, kuna ufa.

“Lenye ufa halijazwi tena, liache lilipo. Zima ndilo hutiwa baruti likaua mara ya pili. Hayo mazima niletee mimi. Nitayafikisha kituoni mwenyewe, kimya kimya.”

Mama mwenye binti, usicheke. Ungefanya nini?

Kila Maingi alipoenda kazini, Mama Ndindi aliingia na ufagio kama mtu wa kufagia, akajifungia na mkebe. Mwanzo alikuwa bure kabisa. Ukucha ulinasa kwenye ganda zima kwa sababu ulikuwa na ukoko wa ugali. Lenye ufa akalibeba akidhani ni zima, na Mzee Mutisya akamrudishia kwa upole wa mwalimu.

“Hili bovu, Mama. Polisi hawana haja nalo.”

Aliona haya kama mtoto aliyekosa hesabu. Akakaza. Akajua kuyabiringisha juu ya kioo cha picha ya marehemu mumewe, kioo pekee kilichokuwa sawasawa mle nyumbani. Lililovimba tumbo liliyumba, akaliacha. Marehemu alimtazama kutoka chini ya kioo kama mtu anayetaka kusema neno. Hakusikilizwa alipokuwa hai, sembuse sasa.

Na kwa kuwa alikuwa mtu wa maombi, kila ganda zima alilikwaruza kwa sindano ukingoni mwa kitako: msalaba mdogo, kutoa pepo la mauti. Hili hakumwambia Mzee Mutisya. Aliogopa angemcheka.

Alhamisi Maingi alikuja na chui wa mti kwapani.

“Mathe, hapa kwako kuna panya wanaokula shaba? Maganda yangu mazima yanaisha, yanabaki ya ufa tu. Ona chui wa watu, kila doa limekatika.”

“Labda ni chui mgonjwa,” alijibu Mama Ndindi, na akapuliza jiko lililokuwa linawaka vizuri.

Ndindi alicheka. “Mama naye! Jumamosi usiwaambie wazee hivyo.”

Jumamosi, aliwaza Mama Ndindi, hakuna mbuzi atakayevuka mlango huu.

Ijumaa jioni mlio wa risasi ukasikika upande wa duka la Yonis, ambako Ndindi aliuza. Mama Ndindi alitoka na ndala moja, akipiga kelele njia nzima:

“Ni Maingi! Nilijua mimi! Madoa ya chui, eti! Mkamateni!”

Alifika na nusu ya mtaa nyuma yake. Majambazi walikuwa wameshatoroka. Yonis alikuwa amechuchumaa nyuma ya mizani akitaja jina la Mungu. Maingi alikuwa ameketi juu ya gunia la sukari, uso umepauka, na Ndindi alikuwa anamfunga mkono kwa kitambaa chake cha kichwa. Mkono wa kulia, ule wa nyundo.

“Alikuja kunichukua twende nyumbani,” Ndindi alisema, akikaza fundo. “Bastola ilinielekea mimi, Mama. Akaruka mbele yangu.”

Watu wote wakamgeukia Mama Ndindi, ambaye mdomo wake ulikuwa bado wazi katikati ya neno “mkamateni”.

Akainama, apate tu mahali pa kuficha uso. Chini ya kaunta palikuwa na ganda, bado lina joto. Mikono ikafanya kazi yenyewe, maana sasa alikuwa fundi. Kishimo kipo. Akapitisha ukucha mdomoni. Haukunasa.

Mzee Mutisya alikuwa amesimama nyuma yake, Biblia kwapani.

“Ni zima?” aliuliza polepole. “Nipe, Mama. Nitalifikisha kituoni.”

Mama Ndindi aligeuza kitako kwenye mwanga wa taa. Ukingoni palikuwa na msalaba mdogo, umekwaruzwa kwa sindano.