Digidigi na Uso wa Ngiri

Digidigi alikuwa na sauti tamu, ila kila uso alioutazama aliona unamsuta. Kwenye harusi ya Kanga aliimba ubeti mmoja tu, akamwona Ngiri mbele, amekunja uso. "Nimeharibu!" akawaza, akatimua mbio. Ngiri akamfuata, akamkuta amenasa kwenye miiba.

"Nisamehe, Bwana Ngiri!"

"Kwa lipi, mwanangu? Nimekuja kukutunza," akasema Ngiri, akamnasua, akamvika shada la asumini.

"Mbona umenuna?"

"Huu ndio uso niliozaliwa nao. Furaha yangu itazame mkiani."

Digidigi akachungulia. Mkia umesimama wima, unachezacheza.

Wakarudi harusini. Digidigi akaanza kuimba, na Ngiri akakaa akimpa mgongo.

"Hana adabu huyu!" wageni wakanong'ona.

Digidigi akautazama mkia, akapandisha sauti.